Kuhamia kwenye RV Marekani: bima na leseni kwa familia ya nesi wa mikataba

Mkuu, umeuliza kama bima ya kawaida ya RV, yaani gari au trela la kuishi ndani, inatosha mkishaachia nyumba yenu Ohio, na leseni ya udereva mkate jimbo gani ilhali shemeji ni nesi wa mikataba anayehama kila baada ya miezi michache. Mimi na mke wangu tuko kwenye maisha hayo hayo, naye ni nesi, basi nakujibu kwa tuliyoyaona.

Nianze na leseni, maana bima inaifuata. Lazima muwe wakazi wa jimbo moja, na leseni, kadi ya gari, bima na kodi vyote viseme jimbo hilo hilo. Wengi huangukia South Dakota, Texas au Florida: hakuna kodi ya mapato ya jimbo, na wamezoea watu wa anwani za kupokelea barua. Yote matatu yamo kwenye NLC, ule mkataba unaomruhusu nesi kufanya kazi majimbo mengi kwa leseni moja. Ohio nayo imo, lakini shemeji asidhani leseni yake ya unesi ya Ohio itaendelea tu. Imefungwa kwenye makazi yake. Akihamia jimbo jingine la NLC ana siku 60 za kuomba mpya.

Sisi tulichukua South Dakota. Unajiunga na kampuni ya kupokea barua, unajaza fomu 1583 ya posta ya kuiruhusu ikupokelee barua, unapewa anwani. Kisha unalala kambini humo jimboni, hata usiku mmoja. Risiti ya kambi, ambayo ndiyo ushahidi kwamba ulilala humo, ndiyo roho ya safari yote, na iwe na jina lako. Mbele yetu kwenye foleni ya leseni alikuwepo mzee ambaye risiti yake ilikuwa na jina la mkewe peke yake. Mama akapita, mzee akarudishwa kambini kuandikiwa nyingine. Leseni ni ya miaka 5 na ukaguzi wa gari hakuna.

Nyinyi bado mna grini kadi, kwa hiyo pigeni simu ofisi ya leseni kabla ya kufunga safari, muulize wanadai nyaraka gani kwa asiye raia. Na jambo hili mlishike sana: mkiwa pale dirishani mtaulizwa kama mnataka kujiandikisha kupiga kura. Karani anauliza kila mtu, kwa mazoea, wala haangalii uraia wako. Kataeni. Asiye raia akijiandikisha anaweza kufukuzwa nchini, na kusema "niliulizwa nikakubali" hakumwokoi. Anwani ikibadilika, USCIS (idara ya uhamiaji) wajulishwe ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11.

Sasa bima. Ile ya kawaida imepangwa kwa mtu wa likizo mwenye nyumba kwingine. Mwambieni wakala kwa maandishi kwamba mnaishi humo mwaka mzima, awape bima ya wakazi wa kudumu. Itakuwa ghali zaidi, lipeni. Jirani yetu mmoja wa kambini alificha ili apunguze malipo. Upepo ulipomng'olea paa, kampuni ikagundua hana nyumba nyingine, madai yakakataliwa.

Kama ni trela, bima ya gari linalovuta hubeba madhara kwa wengine mkiwa barabarani tu. Mkishaegesha, mgeni akiteleza kwenye ngazi zenu, hapo inatakiwa ile ya wakazi wa kudumu. Ulizeni pia kama bima inalipia hoteli: RV ikienda gereji, nyumba yenu ndiyo imeenda gereji, na inaweza kukaa huko wiki kadhaa. Na thamani iwe ya makubaliano, yaani kiasi mtakacholipwa gari likiharibika kabisa kikubaliwe tangu mwanzo, kwa sababu hizi gari hushuka bei haraka mno.

Afya: kama wakala anayempatia shemeji kazi anatoa bima, hakikisheni mtandao wake wa hospitali unavuka majimbo. Basi.

Posho za nyumba na chakula anazolipwa bila kodi zina sharti. Mkishaachia Ohio na hamna makao mnayoyagharamia popote, IRS (mamlaka ya kodi) huwahesabu kuwa watu wasio na makao ya kikodi, na posho zote zinakatwa kodi. Anwani ya barua haiwasaidii hapo. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kutoa notisi kwa mwenye nyumba, kisha nitajie uzito wa gari mnalolitaka. Likizidi paundi 26,000, Texas leseni ya kawaida haitoshi.