Uzi gani wa kufungia tumbo?

SWALI: Jambo Dokta. Mimi ni daktari kijana katika hospitali moja huku Kalehe, Kivu Kusini, Kongo. Kabatini tuna nyuzi za Vicryl na katiguti, ambazo huyeyuka mwilini, na nailoni. PDS, uzi unaoyeyuka polepole, lazima familia ya mgonjwa ikainunue mjini Bukavu. Je, utando wa faskia naweza kuufunga kwa Vicryl? Mafundo yake hukamata vizuri sana.

JIBU: Jambo sana, mdogo wangu. Hukamata vizuri, lakini kwa muda gani? Wiki ya 3 Vicryl imebaki na kama nusu ya nguvu zake, na baada ya wiki ya 5 haishiki kitu. Faskia, ule utando mweupe unaobeba tumbo lote, hata baada ya miezi 2 bado haijarudia nguvu zake. Mama uliyempasua atakuwa amesharudi kubeba mihogo mgongoni, na ngiri itatokea kwenye kovu. Katiguti kwa kazi hii usiiguse kabisa.

PDS huvumilia wiki 6 hivi kabla ya kulegea, kisha huyeyuka yenyewe. Ikiwepo, chagua hiyo. Lakini utumbo uliotoboka usiku hausubiri mtu ashuke Bukavu: tumia nailoni, ni ya bei nafuu na haiyeyuki. Inateleza, kwa hiyo ongeza mafundo, ukate ncha fupi na uyazike, la sivyo mgonjwa mwembamba atayahisi yakimchoma chini ya ngozi, au patoke kijitundu cha usaha.

Hujaniuliza jinsi ya kushona, na mimi hilo ndilo linaloniuma zaidi. Shona mfululizo, sindano iingie milimita 5 hadi 8 kutoka ukingoni, mshono hadi mshono milimita 5, ukichukua faskia tu bila mafuta wala misuli. Utafiti wa Uholanzi uliotoka 2015, kwa upasuaji uliopangwa, ulikuta ngiri kwa wagonjwa 13 katika 100 walioshonwa hivi, baada ya mwaka. Kati ya walioshonwa kwa hatua za sentimita nzima, walipata 21. Ukimaliza, pima jeraha kwa rula, kisha utoe urefu wa uzi uliobaki kutoka ule ulioanza nao, ujue umetumia kiasi gani. Jeraha la sentimita 20 liwe limekula uzi wa sentimita 80 au zaidi. Vijana ninaofanya nao kazi hapa Bukavu nawapimisha mbele yangu, hata saa nane za usiku. Wala usikaze: kingo zigusane tu. Faskia iliyonyongwa hufa, na uzi huipasua.

Tumbo likiwa na usaha, kama utumbo ukitobolewa na homa ya matumbo, ngozi iache wazi. Uifunge siku ya 4 au ya 5 ikiwa safi.