Rejeta Inayovuja: Izibwe au Ibadilishwe?

SWALI: Ndugu mhariri, nina Toyota Noah yenye giaboksi ya otomatiki, ambayo hupeleka bidhaa zangu Iringa karibu kila wiki. Kwa majuma matatu sasa ninaongeza maji kiasi cha nusu lita kila asubuhi, na pembeni mwa tangi la juu la rejeta pana unyevu usiokauka. Fundi wa kwanza anasema atapaka gundi ya chuma na kazi itaisha siku hiyohiyo. Wa pili anasisitiza ninunue rejeta nyingine, ambayo bei yake ni karibu mara sita ya gharama ya gundi. Nimsikilize yupi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mafundi wako wote wawili wametoa dawa kabla ya kupima. Unyevu ulioueleza unaweza kuwa unatoka kwenye ufa wa tangi la plastiki, kwenye mpira uliobanwa kati ya tangi hilo na mirija ya alumini, au hata kwenye hosi ya juu ambayo klipu yake imelegea, maji yakawa yanapeperushwa na feni hadi upande usiohusika. Osha rejeta, iache ikauke, kisha asubuhi injini ikiwa baridi kabisa mwombe fundi afunge pampu ya kupimia presha mahali pa kifuniko na kuijaza rejeta upepo hadi kiwango cha presha kilichoandikwa juu ya kifuniko hicho, bila kuzidisha. Panapovuja patajionyesha ndani ya dakika chache. Pampu ikikosekana, tafuta ukoko: maji yenye kulanti (dawa ya rangi ya kupozea injini) yakikauka huacha mstari mweupe, wa kijani au wa waridi, nawe ukiufuata kuelekea juu utafika kwenye chanzo.

Ikiwa chanzo ni ufa kwenye plastiki, mimi niko upande wa fundi wa pili. Plastiki ya rejeta huchemka na kupoa kila siku kwa miaka, hadi inapoteza ulaini wake. Utaiona imeacha weusi na kuelekea rangi ya kahawia, na ukiikwaruza kwa ncha ya bisibisi karibu na shingo ya hosi hubanduka vipande vidogo kama gamba la karanga. Gundi inaweza kushika vizuri kabisa pale ilipopakwa, lakini ufa ukafunguka sentimita mbili pembeni yake, kwa kuwa kilichochoka ni tangi zima. Kumbuka pia kwamba rejeta hufanya kazi chini ya presha. Kifuniko chenye alama ya 0.9 huyawezesha maji kufika karibu nyuzijoto 118 bila kuchemka, na presha hiyo ikipotea kupitia ufa, maji huchemka mapema, hasa unapopanda Kitonga ukiwa na mzigo. Hapo hasara haiwi ya rejeta tena, bali ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) iliyopinda, na bei yake utaitajiwa ukiwa umeketi juu ya jiwe kando ya barabara.

Ikiwa kinachovuja ni ule mpira wa kati, ipo njia ambayo hakuna fundi wako aliyeitaja. Fundi mzoefu wa rejeta hufungua taratibu meno ya alumini yanayolibana tangi, huweka mpira mpya, kisha huyakunja tena. Huo ni ukarabati wa kweli, ila uufanye tu endapo plastiki bado ni nzima na meno hayajaliwa, maana meno hayo hayavumilii kukunjwa mara nyingi. Kwa rejeta za zamani za shaba shauri lingekuwa jingine kabisa, kwani hizo hulehemewa na kuendelea kutumika kwa miaka.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni neno «otomatiki». Katika magari mengi ya aina hiyo, oili ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta yenyewe, mara nyingi katika tangi la chini. Ukikuta maji ya rejeta yamekuwa mazito kama maziwa ya sitroberi, au oili ya giaboksi imegeuka hivyo, usiwashe gari hata kwa kulisogeza, kwa sababu maji yakiingia huko huharibu giaboksi. Hapo suala la kuziba halipo tena.

Ukinunua rejeta, hakikisha ina matundu mawili ya mabomba ya oili, na usivutwe sana na ya mtumba: nayo ina plastiki iliyopikwa kwa miaka kama yako. Nunua na kifuniko kipya chenye kiwango kilekile cha presha, ujaze kulanti badala ya maji ya kisima, ambayo chumvi yake hula alumini. Gundi ibaki kwenye buti kwa ajili ya kukufikisha gereji. Yai na bizari, ambavyo wengine huvitia ndani ya rejeta, viacheni jikoni. Huziba tundu kweli, lakini huziba na mirija.

SWALI: Tangi la petroli la gari langu linatoa matone chini. Jirani amelipaka sabuni ya kipande na limeacha kuvuja. Je, inatosha, au nilipeleke kuchomelewa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Jirani yako anajua kazi, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni kama maji yanavyofanya. Hata hivyo, dimbwi moja la mvua litaiosha, kwa hiyo itumie kufika gereji tu. Usikubali mtu yeyote achomelee tangi eti kwa sababu limemwagwa: mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa hulipuka, na tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Tundu likiwa limetokana na kutu, gonga kwa kidole kuzunguka sehemu hiyo; ukisikia bati limekuwa jepesi na linabonyea, badilisha tangi. Kama ni jiwe limetoboa bati lililo zima, livuliwe, lioshwe na kufukizwa mvuke wa maji na fundi mwenye kazi hiyo, ndipo lizibwe. Hadi siku hiyo, egesha gari nje, mbali na jiko la mkaa.