Barua ya intanshipu ikikukuta umebakiza sura moja

Februari 2022 nilipigiwa simu na kampuni ya dawa iliyoko New Jersey. Nilikuwa mwaka wa tano wa uzamivu wa takwimu katika chuo kimoja cha katikati ya Marekani. Sura tatu za tasnifu zilikuwa zimekamilika, ya nne iko njiani, na nyumbani Tanga nilishatangaza kwamba Agosti nahitimu. Mama alikuwa ameanza kuulizia bei ya vitenge vya sare.

Ofisa ajira akanieleza kwamba wananipa intanshipu, yaani kazi ya mafunzo, ya wiki 12, kuanzia mwisho wa Mei, kwenye timu inayopanga majaribio ya dawa kwa wagonjwa. Sharti lilikuwa moja: lazima niwe mwanafunzi ambaye kiangazi kikiisha anarudi chuoni. Kwa hiyo nikienda, Agosti sihitimu. Nahitimu Desemba. Nilipewa siku saba za kujibu.

Siku tatu za mwanzo nilizipoteza kuuliza watu. Waliokwisha kupata kazi waliniambia nenda, na waliokuwa wamechelewa kumaliza waliniambia maliza kwanza. Kila mmoja alikuwa ananisimulia maisha yake. Siku ya nne nilijifungia chumbani na karatasi, na kile nilichokiona kwenye karatasi ile ndicho ninachowaeleza wadogo zangu kila ifikapo Februari na Machi, wakati barua hizi zinapoanza kuwafikia.

Swali langu la kwanza kwao huwa: umebakiza nini hasa? "Sura moja" si jibu. Mimi pia nilikuwa nasema sura moja. Nilipoorodhesha kazi yenyewe, nilikuta uthibitisho wa hisabati wenye hatua moja ambayo sijaipata, majaribio ya kompyuta ya kurudia yote kwa sababu nilibadilisha mbinu mwezi wa kwanza, mifano miwili ya data, utangulizi, hitimisho, marekebisho ya makala iliyokuwa jaridani, na ule upangaji wa kurasa ambao chuo hukagua hadi upana wa pambizo. Kila kitu nilikipa wiki zake. Jumla ikawa wiki 19. Nikaongeza wiki nne za msimamizi kusoma na mbili za kamati kukaa na tasnifu kabla ya utetezi, ikawa 25.

Nikahesabu kwenye kalenda kutoka siku ile. Wiki ya 25 iliangukia katikati ya Agosti, wakati mwisho wa kukabidhi tasnifu kwa wanaohitimu Agosti ulikuwa umeshapita. Agosti niliyokuwa naililia haikuwepo. Hata bila intanshipu, kitu kimoja tu kikiteleza, ningehitimu Desemba vilevile, tena mfukoni sina kitu na kiangazi kimepita. Nikiongeza wiki 12 za intanshipu, nilikuwa naangukia mwanzo wa Novemba. Desemba ilikuwa inawezekana.

Wengi wanaoniuliza wanapima intanshipu dhidi ya tarehe ya kumaliza ambayo hawajawahi kuihesabu. Tarehe hiyo waliipata mwaka wa pili, au waliitaja kwa wazazi ikawa ahadi, na sasa wanaitetea. Ihesabu kwanza. Ukikuta kweli unaweza kutetea Julai, una kitu halisi cha kupoteza na uchungu wako una msingi.

Jambo la pili ni viza, na hapa naomba usome polepole. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, kabla ya kuhitimu unaweza kufanya kazi nje ya chuo kwa kibali cha CPT. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni hukiandika kwenye I-20 yako, ile fomu ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza, pamoja na jina la mwajiri na tarehe. Ukimaliza masomo, kibali hicho nacho kinakwisha. Kinachofuata ni OPT, kibali cha kufanya kazi katika fani yako baada ya kuhitimu, cha miezi 12, na kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati unaweza kuomba miezi 24 zaidi. Maombi ya OPT hupelekwa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza programu hadi siku 60 baada yake. OPT ikishaanza, siku unazokaa bila kazi zinahesabiwa, na katika ile miezi 12 ya mwanzo hazitakiwi kuzidi 90.

Februari ile sikuwa nimetuma ombi la kazi hata moja. Kuhitimu Agosti kungeanzisha hesabu ya siku hizo nikiwa mkono mtupu. Sikuwa nimeliwaza hilo kabisa. Nilikuwa naona kuchelewa kuhitimu ni hasara tupu, kumbe kwa mgeni, kuhitimu kabla ya kujua unakwenda wapi nako kuna gharama. Wiki 12 za CPT hazikula chochote katika OPT yangu, kwani kinachofuta haki ya OPT ni CPT ya muda kamili inayofika miezi 12.

Angalia pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye I-20 yako. Yangu ilikuwa Mei 2023, nikashukuru Mungu. Yako ikiwa Agosti, muda lazima uongezwe kabla tarehe haijafika, na sababu inayokubalika ni ya kitaaluma, kama utafiti kukutana na tatizo lisilotarajiwa, au ugonjwa wenye uthibitisho. Kutaka intanshipu peke yake hakutoshi. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni wewe mwenyewe, uulize kwa hali yako, maana sheria hizi hubadilishwa. Na wenye J-1, viza ya programu za kubadilishana, utaratibu wao ni mwingine kabisa.

Fedha nitazigusa kwa ufupi. Ruzuku iliyokuwa inanilipia ingekwisha mwisho wa Agosti, kwa hiyo muhula wa Septemba hadi Desemba ulihitaji mtu wa kulipa ada. Niliomba idarani nafasi ya kufundisha vipindi vya mazoezi vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakakubali, nikaomba wathibitishe kwa barua pepe kabla sijajibu kampuni. Bila barua ile ningekataa intanshipu. Mshahara wa wiki 12 ulikaribia posho yangu ya miezi minane, lakini nililipa pango sehemu mbili. Tena kwa kuwa niliingia Marekani 2017, miaka mitano ya kalenda ambayo mwanafunzi mgeni husamehewa baadhi ya makato ya mshahara ilikuwa imekwisha, nikakatwa asilimia 7.65 za hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee. Mwenzangu aliyeingia 2019 na yuko kwa F-1 kama mimi hakukatwa. Piga hesabu kwa kitakachobaki mkononi.

Sasa msimamizi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu tumelelewa kutomletea mkubwa jambo linaloweza kumuudhi. Nilikaa na siri ile siku nne nikiogopa ataona namdharau, ameniandalia njia ya kumaliza nami naikimbia. Nilipokwenda nilibeba ile karatasi ya wiki 25 na barua ya kampuni, nikaviweka mezani.

"Profesa, naomba unisaidie kuisoma hesabu hii," nilimwambia.

Alisoma kimya. Kisha akachukua kalamu, akakata wiki tatu nilizoupa uthibitisho, akaandika sita. Moyo ulishuka, maana sasa hata Desemba ilikuwa inaponyoka. Lakini akaendelea kushuka na kalamu mpaka kwenye mfano wa pili wa data, nilioupa wiki nne, akaufuta wote. "Huu utakuwa makala baada ya kuhitimu," alisema. "Tasnifu haiuhitaji." Miezi kadhaa nilikuwa naubeba mfano ule nikidhani yeye ndiye anautaka. Yeye alidhani mimi ndiye ninayeupenda.

Kisha akaniambia jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alifanye: tuandikie kamati leo, tupange siku ya utetezi kabla hujaondoka. Tukapata Jumanne, tarehe 15 Novemba. Mwezi Machi, tasnifu ikiwa haijaisha, siku ya utetezi ilikuwa imeandikwa kwenye kalenda za watu watano. Hiyo ndiyo iliyonirudisha chuoni. Nimeona watu wenye akili kunishinda wakienda kiangazi bila siku iliyopangwa, na mwaka uliofuata bado wanaahidi. Msimamizi wako akikataa kutaja siku, basi kuna jambo kuhusu tasnifu yako hajakuambia, na ni bora ulijue kabla ya kufunga mizigo.

Niliutafuta ule uthibitisho mpaka nikaupata Mei, siku tisa kabla ya safari. Nakushauri vivyo hivyo: kile kigumu kinachohitaji kichwa kizima kimalize kabla ya kuondoka, vile vya kuandika vikungoje ukirudi. Mimi nilipanga kuandika kila usiku huko New Jersey. Wiki ya kwanza niliandika mara mbili. Kuanzia ya tatu sikuandika tena, nilikuwa narudi nimechoka na akili imejaa mambo ya wagonjwa na dozi. Kilichonisaidia ni ukurasa mmoja nilioubandika ukutani chuoni kabla ya kuondoka, unaosema nimeishia wapi, faili gani ndiyo ya mwisho, na kitu cha kwanza cha kufanya nikirudi. Nilirudi Jumatatu, nikaanza na mstari wake wa kwanza.

Nilitumaini pia kwamba nitakachofanya kule nitakiingiza kwenye tasnifu. Mkataba ulikataza waziwazi, kazi ile ni mali ya kampuni. Soma kipengele hicho kabla ya kusaini, usije ukajenga hesabu juu yake.

Na kazi? Kampuni ile haikuniajiri. Vuli ile walisimamisha ajira mpya, tukaagana vizuri. Nililia, sitaficha. Lakini nilikuwa nimejifunza kuandika mpango wa uchambuzi kabla data haijafunguliwa, kuueleza kwa madaktari wasiotaka kuona fomula, na nilikuwa na mtu wa ndani ya fani aliyekubali kuniandikia barua. Januari nilipata kazi kwingine, na swali walilokaa nalo muda mrefu kwenye usaili lilikuwa kuhusu kiangazi kile. Ndiyo maana namwambia anayeniuliza: fikiria kwamba hawatakuajiri. Je, bado ungekwenda? Kama kinachokuvuta ni ajira mwishoni tu, unaweka muhula mzima rehani kwa jambo lisilo mikononi mwako.

Wapo wasiopaswa kwenda. Kaka mmoja wa Dodoma, Mhadhiri Msaidizi wa chuo cha nyumbani aliyekuwa kwenye likizo ya masomo, alipata barua kama yangu mwaka uleule. Likizo yake ilikuwa na tarehe ya mwisho, alikuwa amesaini kurudi kutumikia, bila uzamivu asingepanda kuwa Mhadhiri, na mkewe alikuwa akilea watoto watatu peke yake. Sura zake zote zilikuwa zimesomwa na msimamizi. Aliniuliza kama anafanya ujinga kukataa fedha zile. Nilimwambia akatae siku hiyohiyo. Alitetea Julai, na muhula mpya ulipoanza alikuwa darasani.

Kama barua unayo mkononi, usijibu usiku huu. Andika tarehe tatu: mwisho wa I-20 yako, mwisho wa fedha zinazokulipia, na siku ambayo kamati imekubali kukusikiliza. Ile usiyoijua, kesho asubuhi mfuate anayeijua, kabla ya kupiga simu kampuni.