Kabla hujafunga sanduku la raketi kutoka Japani

Niliporudi Tanga baada ya miaka miwili ya masomo Fukuoka, sanduku langu lilikuwa na nguo chache sana. Nilikuwa nimelijaza raketi kumi na mbili, raba (yale matabaka yanayobandikwa kwenye nyuso za raketi) ambazo hazijafunguliwa pakiti, na mipira ya mashindano ya kampuni ya Nittaku, ile ya nyota tatu. Kule nilicheza mpira wa meza na klabu ya mtaani, wastaafu na wanafunzi pamoja, jioni mbili kila wiki, na nilitamani watoto wa nyumbani waonje nilichokionja. Miezi minne baadaye nusu ya raba zilikuwa zimekufa, na watoto bado hawawezi kurudishiana mpira mara ishirini bila kuangusha. Kwa hiyo wewe uliye huko sasa, unayepanga kurudi na mzigo kama wangu, nakuomba unisikilize.

Kosa langu la kwanza lilikuwa aina ya raba. Nilinunua raba iitwayo Tenergy, ya kampuni ya Butterfly, inayotumiwa na wachezaji wakubwa tangu ilipotoka 2008, nikiamini kilicho bora kitamfaa kila mtu. Sponji yake, lile tabaka laini la chini, ina nguvu sana. Mpira ukigusa tu, unaruka. Mtoto ambaye mkono wake bado haujatulia atautoa nje ya meza kila anapojaribu kupiga, na baada ya wiki mbili ataanza kuusukuma kwa woga. Woga huo ukishazoeleka, kuuondoa ni kazi ya mwaka mzima. Mnunulie raba ya taratibu, sponji nyembamba ya milimita 1.5 hivi. Kwa bei ya Tenergy moja utapata kadhaa za namna hiyo.

La pili ni hali yetu ya hewa. Ukumbi tunaotumia umeezekwa kwa bati, na wakati wa kaskazi unyevu unaifanya raba iteleze kana kwamba imepakwa mafuta. Kule Fukuoka sikuwahi kuona mtu akiondoka kabla ya kufuta raba yake kwa sponji yenye maji kidogo, kuiacha ikauke, kisha kuifunika kwa nailoni. Nilidhani ni unadhifu wa Kijapani tu. Kumbe kazi hiyo ndiyo inayorefusha maisha ya raba, na kwenye pwani ya joto na chumvi tunaihitaji kuliko wao. Usiache raketi ndani ya gari lililopaki juani. Na ukiishiwa gundi ya kubandikia raba, usikimbilie solusheni ya mafundi wa baiskeli: gundi zenye kemikali za kuvukiza zilipigwa marufuku kwenye mashindano 2008, na hewa yake si ya kuvutwa na watoto ndani ya ukumbi. Beba chupa mbili tatu za gundi ya maji.

Lakini hata ningechagua vifaa sahihi, bado ningekuwa nimeanza na kisichostahili kuanza. Japani yenyewe inatufundisha hili. Ichiro Ogimura, bingwa wa dunia wa 1954 na 1956, alikwenda Uswidi kufundisha. Alichowapelekea ni kazi ya miguu, mbio, mazoezi ya viungo na uvumilivu wa kurudia pigo moja mpaka mwili ulikubali. Yeye alishika raketi kama mtu anavyoshika kalamu, mtindo wa Wajapani wengi wa enzi zake. Waswidi waliendelea kuishika kwa mtindo wao, kama mtu anayetoa mkono wa salamu. Kijana mmoja wa huko, Stellan Bengtsson, akaenda Japani kujinoa zaidi. Mwaka 1971 mjini Nagoya, akiwa na miaka 18, alimshinda Shigeo Itoh, Mjapani aliyekuwa akitetea ubingwa wa dunia, kwenye fainali. Hadithi hii naipenda kuliko nyingine yoyote ya mchezo huu, kwa sababu Ogimura hakuwageuza Waswidi kuwa Wajapani.

Mimi nilijaribu kuwageuza watoto wa Tanga. Niliwapanga mstari, wainamishe vichwa, waseme “onegaishimasu” kabla ya kucheza. Walitii, macho chini, wala hawakujua wanamwambia nani nini. Siku moja nikawaeleza maana yake: unamwomba mwenzako akusaidie kujifunza, kwa sababu bila yeye huna mchezo. Binti mmoja akauliza, “Sasa mwalimu, si tuseme tu ‘naomba tucheze’?” Tangu siku hiyo wanapeana mikono na kusema hivyo, na mimi wananiamkia shikamoo kama kawaida. Adabu ile imeingia kwa mlango wake.

Kuna jambo moja nimeliacha huko kwa makusudi. Kwenye timu nyingi za shule Japani, mdogo humnyamazia mkubwa, na wa mwaka wa kwanza wanaweza kukaa muda mrefu wakiokota mipira kabla ya kuikaribia meza. Kwetu wote wanaokota, mimi nikiwamo.

Ulichojifunza kinachofaa mahali penye meza mbili na watoto ishirini ni haya mazoezi: kupiga hewani bila mpira, mbele ya kioo au ukutani, mapigo mia kabla ya kugusa meza, na ndoo ya mipira, mmoja analisha, mmoja anapiga, wawili wanaokota, kisha wanabadilishana. Kwa ndoo moja mtoto anapiga mipira mingi kuliko angepiga kwa saa nzima ya mechi. Ndiyo maana leo ningepakia mipira mia mbili ya mazoezi ya bei nafuu na kuiacha ile ya nyota tatu dukani. Mpira una gramu 2.7 tu, nao huvunjika kwa kukanyagwa zaidi ya kwa kupigwa.

Na kwa kuwa mpira ni mwepesi hivyo, ukifika pwani chagua ukumbi unaofungika madirisha upande wa baharini. Kusi ikianza kuvuma, servisi ya mtoto, yaani pigo la kuanzisha, huishia meza ya jirani. Sisi tumeshona mapazia ya turubai, na mazoezi huanza saa moja asubuhi, upepo ukiwa bado umelala.