Jibu: Shota alikubali kukamatwa kwa nini?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini Shota, yule mvulana kwenye filamu Shoplifters ya Hirokazu Kore-eda (2018), alitimka na mfuko wa machungwa mbele ya wauzaji, ilhali ni mzoefu wa kuiba.

Rudia kwanza sehemu ya yule mzee mwenye duka dogo: anampa Shota peremende, kisha anamsihi asimfundishe Yuri, mdogo wake, wizi. Mimi naona moyo wa Shota uligeukia hapo. Yuri alipoanza kudokoa dukani, Shota aliangusha makopo makusudi ili wauzaji wamkimbize yeye. Baadaye anamwambia Osamu, mwanaume aliyemlea, waziwazi kwamba alijiachia akamatwe. Shota na Yuri hawana undugu wa damu, lakini kaka alimkinga dada yake, na kwangu hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote.