Muulize Fundi Pedi: Nizime muziki wa gemu niweke singeli?

*Fundi Pedi, shikamoo. Mimi na kaka yangu tunatumia laptopu moja, tunacheza GTA San Andreas. Zamu yangu ikifika nazima sauti yote ya laptopu, nafungulia singeli kwenye simu na kuunganisha na sabufa. Kaka anasema naharibu gemu, kwamba waliouweka muziki mle ndani hawakuwa wajinga. Mimi naona ni nyimbo za Wamarekani wa zamani, hazinihusu. Nani mwenye haki?*
*Mtoto wa Pili, Morogoro*

Marahaba, mdogo wangu. Haki mmegawana, ila fungu la kaka yako ni kubwa zaidi, kwa sababu ya lile neno uliloandika mwenyewe: sauti *yote*. Kuzima muziki ni jambo moja, kujiziba masikio ni jambo jingine.

Kabla sijaanza kutengeneza pedi za watu za kuchezea gemu nilikuwa na banda la gemu Ngamiani, Tanga. Televisheni nne, mabenchi, na sabufa moja iliyokuwa inatikisa mabati. Kwenye mpira sabufa haikumdhuru mtu. Nyimbo za gemu za mpira hupigwa ukiwa bado unachagua timu, mechi ikianza zinakata. Kwa hiyo tuliweka za kwetu, akalalamika mteja mmoja tu, mzee wa makamo, aliyetaka kumsikia mtangazaji Peter Drury kwenye gemu la mpira la PES japo Kiingereza kilikuwa kinampita. Nilimwekea televisheni ya pembeni, na kila bao alikuwa anasimama.

Shida ilikuwa kwenye gemu za bunduki. Kijana mmoja alikuwa mwepesi wa vidole kuliko wote pale bandani, lakini kila siku anauawa kwa nyuma. Akavunja pedi yangu kwa hasira, akanilipa, akaivunja tena. Siku umeme mdogo ulipoilemea sabufa ikanyamaza, akashinda raundi sita mfululizo. Kumbe miguu ya adui ilikuwa inasikika muda wote, kushoto, kulia, nyuma, ila ngoma ilikuwa inaifunika.

Sauti ya gemu ni kazi, Mtoto wa Pili, na ilikuwa kazi tangu zamani. Space Invaders ya mwaka 1978 ina noti nne tu za besi, na kadiri wale wadudu wa angani wanavyopungua na kuongeza kasi, noti nazo zinakimbia, na moyo wako nyuma yake. Super Mario Bros. ya 1985, muda ukishuka chini ya 100, wimbo unaenda mbio kukuambia kimbia. Kwenye Silent Hill ya 1999 umepewa redio mbovu ambayo hukoroma zimwi likikaribia, hata kama ukungu haukuachi ulione. Na Resident Evil za mwanzo zina chumba cha taipureta cha kuhifadhia mchezo. Ukisikia muziki ule wa polepole unajua hapa hakuna wa kukung'ata, unapumua. Weka singeli juu ya gemu kama hizo, utaliwa.

Sasa nikuungamie kosa langu. Nilipopata Civilization IV niliicheza miezi kama minne usiku, mke na mtoto wamelala. Laptopu niliishusha sauti mpaka ikawa kama mbu, na redio ya ukutani nikaiacha na taarabu. Ni gemu la kujenga dola kwa maelfu ya miaka, halina haraka, nikaona muziki wake wa nini. Usiku mmoja umeme ukakatika. Redio kimya, feni kimya, mtaa mzima giza, laptopu imebaki na betri ya dakika chache. Nikahifadhi mchezo haraka, nikarudi ukurasa wa mwanzo ili nizime. Mle kwenye sauti ya mbu nikasikia kwaya inaimba. Nikainamisha sikio. Kiswahili!

Mimi ni Mwislamu, lakini nimekaa darasani na wenzangu Wakristo miaka saba, Sala ya Bwana naijua nikiisikia. Wimbo unaitwa «Baba Yetu». Aliyeutunga ni Mmarekani, Christopher Tin, aliyekaa chumba kimoja chuoni Stanford na Soren Johnson, mbunifu mkuu wa lile gemu. Gemu lilitoka 2005, na mwaka 2011 wimbo huo ukapata tuzo ya muziki ya Grammy, wa kwanza kuipata kati ya nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya gemu. Matamshi ya kwaya yana ugeni kidogo hapa na pale, nisiseme uongo. Lakini miezi minne gemu lilikuwa linanisemesha kwa lugha ya mama yangu, na mimi nimelifunika kwa redio. Tangu siku ile nina sharti langu: gemu jipya nalicheza saa chache za mwanzo kwa sauti yake lenyewe. Baadaye ndipo naamua.

Turudi kwenye San Andreas yenu. Zile «nyimbo za Wamarekani wa zamani» ni za makusudi. Hadithi ya CJ, yule mnayemchezesha, ni ya mwaka 1992, katika mji ulioigwa Los Angeles, na redio ya magari ya mle ndiyo kalenda yake. Radio Los Santos inapiga rap ya huko, K-Rose inapiga kantri kwa ajili ya barabara za mashambani, na kwenye WCTR, stesheni ya maongezi, kuna taarifa za habari zinazotaja vurugu ulizofanya wewe kwenye misheni. Siku moja endesha lori shambani usiku na K-Rose, halafu uniandikie tena kwamba haikuhusu.

Singeli yako nayo ina mahali pake, na waliotengeneza gemu walikuachia mlango. Kwenye kompyuta, toleo lile la zamani, fungua folda ya Documents, utaona «GTA San Andreas User Files», na ndani yake «User Tracks». Tia MP3 zako humo. Ingia kwenye gemu, mipangilio ya sauti, uliambie litafute nyimbo zako. Utapata stesheni ya ziada kwenye redio ya gari. Hapo singeli itapigwa ukiwa ndani ya gari, ukishuka inabaki garini kama redio ya kweli, na risasi unazisikia. Tahadhari moja: mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na usukani haviendani. Mimi niligonga nguzo tatu kabla wimbo haujafika katikati.

Kwa gemu zisizo na mlango huo, tafuta kwenye mipangilio. Nyingi zina vipimo tofauti vya muziki, vishindo na maongezi. Shusha muziki peke yake hadi sifuri, vingine viache. Na kama gemu lina maandishi mengi ya kusoma, weka ala tupu. Huwezi kusoma maneno huku mtu anakuimbia maneno mengine, utaurudia mstari mmoja mara tano.

*Asalaam aleikum Fundi. Mwanangu ana miaka 13, akicheza gemu kwa simu huvaa hedifoni, muziki juu na gemu juu. Namwita mara tatu hasikii. Nimnyang'anye?*
*Mama wa Mombasa*

Waaleikum salaam, mama. Kama husikiki mara tatu, sauti iko juu mno. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtoto kwenye desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na sauti ikipanda muda hupungua upesi sana: kwa mtu mzima, kutoka 80 hadi 90 kunashusha saa 40 hadi 4. Mwenye kupiga vitu viwili kwa pamoja hupandisha kimoja ili kishinde kingine, kisha kile kingine. Basi usimnyang'anye, mchagulie: ama muziki ama gemu, si vyote. Akikwambia sauti iko chini, zivae wewe mwenyewe. Mimi nilivaa za mpwa wangu mwezi uliopita, nikazivua kabla risasi ya pili haijalia.