Lini uandike "See" na lini uache kesi peke yake

Ndugu, umeuliza kwa nini mwalimu wako huko Marekani amekufutia "See", neno la kuashiria linalowekwa mbele ya kesi unayoitaja, karibu kila ukurasa. Kwa mtindo wa Bluebook, mwongozo wa Marekani wa kutaja kesi na sheria, kesi ikisema jambo lako waziwazi, huweki kitu mbele yake. Ukiandika kwamba Bunge la Marekani haliwezi kuifuta kanuni ya Miranda (polisi lazima wamwonye mtuhumiwa aliye kizuizini kuhusu haki zake kabla ya kumhoji) kwa kutunga sheria, weka Dickerson v. United States, 530 U.S. 428 (2000), basi. Mahakama ilisema hivyohivyo. Ila ukidai kwamba hata bunge la Texas haliwezi, hapo andika "See": Dickerson ilihusu sheria ya bunge la taifa, kwa hiyo msomaji anapiga hatua moja mwenyewe kuifikia hoja yako.

"But see", inayotangulia kesi inayopingana na hoja yako, usiiogope. Ukisema majibu ya mtuhumiwa aliye kizuizini hayapokelewi bila onyo, itaje New York v. Quarles, 467 U.S. 649 (1984), iliyokubali polisi kuuliza kwanza bunduki iko wapi kwa ajili ya usalama wa umma. Usipoitaja wewe, wakili wa upande wa pili ataitaja.

"Cf.", inayotangulia kesi ya jambo tofauti lakini linalofanana na lako, ndiyo inayoponza wengi. Bila maelezo mafupi kwenye mabano baada ya kesi, jaji hatajua kesi hiyo na hoja yako zinafanana wapi.